Kiti cha Jumamosi

Kelele za bao nazijua. Bao letu huanzia chini, miguu ikipiga mbao, kisha zinakuja sauti za wanaume, kisha za wanawake, na mwisho ile kengele ya ng'ombe ya mke wa Desrochers, anayeendelea kuitikisa hata watu wote wakishanyamaza. Bao la wageni ni mguno mmoja tu, basi. Mtu akigongwa akaanguka barafuni, kunakuwa kimya, na mimi kimya hicho ndicho kilichokuwa kikinimaliza, maana sikujua aliyelala pale ni nani. Akiinuka, watu humpigia makofi ya adabu, bila vifijo, awe wetu awe wa wageni. Yote hayo nilijifunza katika majira yale ya baridi nikiwa nimeketi sebuleni kwetu, hatua sitini kutoka uwanja wa hoki, nikitazamana na Télesphore Bigras, mwoka mikate.

Na mwanamume niliyempenda alikuwa huko ndani ya kelele. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari sikuwahi kumwona Philias Rancourt akicheza hata mara moja.

Sisi watu wa Anse-Rouge jioni zetu tunazishika. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili ni jioni za heri. Mwanamume mwenye nia ya kuoa huja siku hizo, hupewa kiti kilicho karibu na jiko, akamkabili msichana, na wazee wakakaa pembeni wakijifanya hawasikii. Saa nne baba mwenye nyumba hutia ufunguo saa ya ukutani, na mgeni huchukua koti lake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni siku za wapita njia, za kuja kuazima msumeno au kuuliza hali ya mgonjwa. Mtu anayekuja kumtazama msichana siku ya Jumatatu anaitangazia nyumba nzima kwamba jioni zake za heri ana mwingine wa kumpelekea.

Sasa, mwaka ule mji wetu uliingia kwenye ligi ya kulipwa. Zamani walicheza vijana wetu wenyewe, wa mgodini na wa kwenye kinu cha kuponda mawe ya shaba, wakitoka kazini na vumbi lao. Mwaka ule walikuja watu kutoka huko na huko, wenye mkataba, ambao kazi yao ilikuwa hoki na hoki tu. Wakicheza Jumanne. Wakicheza Alhamisi. Wakicheza Jumamosi. Jumapili wako ndani ya treni wanakwenda mji mwingine kupigwa au kupiga.

Basi Philias akawa anakuja Jumatatu.

Jumatatu kumi na moja, nilizihesabu. Alikuja nywele amezilowesha kwa maji na kuzichana, jicho limevimba au mdomo umepasuka, mkononi ana fulana yake ya sufi iliyochanika, maana mimi ndiye niliyekuwa nikizishona fulana za timu. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, pale wanapokaa waazima misumeno. Hakuna aliyemwonyesha kiti, naye alidhani benchi ndipo mahali pa mgeni. Alizungumza na mama juu ya baridi, akamsalimu baba, akanitazama mimi. Weee, alivyonitazama. Kama macho yangekuwa na mikono ningeaibika mbele ya wazazi wangu.

Philias alilelewa na masista katika nyumba ya yatima huko Québec. Katika nyumba ya yatima hakuna anayekwenda kuposa wala anayeposwa, kwa hiyo hakujua habari za jioni za heri. Na mimi sikumwambia. Msichana anayemwambia mwanamume njoo siku fulani ameshaomba, na sisi akina Lacasse hatuombi. Kiburi si maungwana, najua, lakini ndicho nilichorithi.

Baba yangu Onésime Lacasse alikuwa seremala wa kinuni, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kauli moja ya kazini ambayo mji mzima uliijua. Kijana aliyekuwa chini yake akigeuza macho huku msumeno unakwenda, baba humpigia ukelele: "Tazama mkono wako!" Lakini huwapigia watu wake tu, wale aliokwisha kuwakubali kuwafundisha. Fundi asiye wake angekata vidole vyote kumi baba akitazama. Kuhusu Philias alisema mara moja tu, tukiwa mezani na supu ya njegere: huyu kijana ana mwanamke kwingine, na isitoshe, mtu akilipwa kwa kucheza, siku akilipwa kwa kulala tutamwita nani? Mama akadakia kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na mkate wa Bigras utaliwa mwaka mzima ilhali barafu inayeyuka Machi.

Mimi nilimaliza supu yangu. Kisha nilipanda juu na ile fulana ya Philias, nikaishona bega. Kwa kushona nilikuwa najua kila mahali alipogongwa wiki ile, mbavuni, kiwikoni, mgongoni. Nikimaliza nilikuwa naiweka shavuni kidogo kabla ya kuikunja, na sioni haya kulisema leo.

*

Kwetu mambo ya posa humalizwa kabla ya Jumatano ya Majivu. Ikishaingia Kwaresima hakuna kinywa kinachofunguliwa hadi Pasaka, na Pasaka ikifika barafu haipo, ligi haipo, na wachezaji wameshatawanyika kila mmoja na njia yake. Mwaka ule Majivu yaliangukia tarehe ishirini na nane ya Februari. Wiki moja kabla yake mama akaniambia, huku akikanda maandazi na bila kunitazama, kwamba Bigras amemnong'oneza: Jumamosi atasema.

Siku ileile mchana nilibeba fulana nikaenda uwanjani. Mchana hakuna mchezo, kwa hiyo halikuwa kosa kubwa. Nilimkuta Philias peke yake, anakwangua theluji pembezoni mwa barafu. Aliponiona akaacha reki ikaanguka. Nikamwambia papo hapo, nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Bigras anakuja Jumamosi kuniposa."

"Na wewe utamjibu nini?"

"Wewe umeniambia nini, ambacho nitamjibu nacho?"

"Malvina, nimekuja kwenu kila wiki."

"Jumatatu."

"Ndiyo, Jumatatu. Kila Jumatatu, hata ile ya dhoruba. Jumatatu ina kasoro gani?"

Nilimtazama usoni kutafuta mzaha, sikuuona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakujua. Mwanamke mwenye akili angecheka yakaisha. Mimi hasira za wiki kumi na moja zilinipanda zote kwa pamoja, nikamwagia habari zote: jioni za heri, kiti, benchi, wapita njia, baba, saa ya ukutani. Nikamwambia kwamba nimekaa na Bigras kila siku mji unapomshangilia yeye Philias, na kwamba naweza kuhesabu mabao yake kwa masikio.

Akaketi juu ya ukingo wa mbao, uso umemshuka. "Kwa hiyo baba yako wakati wote huu anadhani nina mtu."

"Ndivyo anavyodhani."

"Na wewe?"

Ukweli ni kwamba kulikuwa na Alhamisi moja au mbili ambazo hata mimi nilidhani hivyo.

"Jumamosi tunacheza na Baie-Claire," akasema polepole. "Ndiyo mechi ya kombe. Sisi tuko saba tu, hakuna wa kuingia badala yangu. Nikikosa nimewaacha wenzangu sita uchi. Siwezi, Malvina. Hata kwa ajili yako siwezi kuwafanyia hivyo."

"Sijakuomba."

"Ungeniomba," akasema. "Siku ile ya kwanza tu ungeniomba, ningekuja hata Jumapili kwa miguu kutoka kituo cha treni."

Niliweka fulana juu ya ule ukingo, nikaondoka. Sikugeuka nyuma. Nililia nyumbani, ndani ya banda la kuni, hadi machozi yakaniganda kwenye kola. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

*

Jumamosi mama alisugua sakafu ya sebule kwa mchanga, kama kila Jumamosi. Sakafu ile ilikuwa ya msonobari, baba aliiranda ubao kwa ubao mwaka niliozaliwa, na hakuna aliyethubutu kuikanyaga kwa kiatu chenye msumari. Kisha nikamwona mama akilichukua koleo la theluji pale mlangoni na kwenda kulificha nyuma ya pipa la unga. Kwetu msichana anayemkataa mtu hamwambii hapana. Humpa koleo, naye akalielewa. Mama alikuwa ananijua.

Bigras aliingia saa moja na nusu, kola mpya, mkate wa zabibu umefungwa kwa kitambaa. Nitasema haki yake: Télesphore Bigras alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi wala mbabe, na mikono yake ilinukia hamira na mdalasini. Angekuwa mbaya ningepona haraka. Aliketi kwenye kiti karibu na jiko akazungumzia tanuri lake jipya, halafu chumba cha juu cha nyumba yake, ambacho dirisha lake linatazama ziwa na ambacho tangu mama yake afariki hakina mtu. Niliitikia ndiyo, kumbe, ehee. Masikio yangu yalikuwa ng'ambo ya barabara.

Bao la kwanza letu. Kengele. La pili la wageni. Kisha wageni tena. Kisha letu, kisha la wageni, na baadaye kidogo letu lingine, miguu ikipiga mbao mpaka vikombe vya mama vikalia kabatini. Tatu kwa tatu. Nilikuwa nadarizi kitambaa, na nilipokuja kukitazama kesho yake nilikuta nimeshona ua moja mara mbili juu ya lenyewe.

Bigras akasimama. Akafunga kifungo cha koti lake, akakohoa, akamgeukia baba.

"Bwana Lacasse," akasema, "kama una nafasi, nilikuwa na neno."

Baba akatoa kiko mdomoni. Mama akaacha kufuma. Na huko ng'ambo, kelele zikakatika ghafla.

Kilikuwa kimya kile kibaya. Nilisubiri makofi, hayakuja. Bigras naye alinyamaza, nadhani alikuwa anatafuta neno la kuanzia. Nilisali Salamu Maria moja kimoyomoyo, nikaanza ya pili. Bado hakuna makofi. Nikamwona Philias amelala barafuni, nikaona damu, nikaona jeneza la mbao nyeupe, na mimi nimekaa hapa na kitambaa. Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa sijakuomba.

Kisha nikasikia kitu kinapanda ngazi za baraza letu. Si buti. Kilikuwa chuma, kinalia juu ya ubao, hatua kwa hatua. Mlango ukafunguliwa.

Philias alisimama kizingitini na koti limetupwa mabegani juu ya fulana ya timu. Nyusi ilikuwa imechanika, jasho linamfuka mvuke mwili mzima, na miguuni alikuwa bado amevaa viatu vya barafu. Alitaka kuingia, akatazama chini. Akaiona sakafu. Akayatazama yale makali ya viatu vyake. Halafu mtu yule, ambaye mji mzima ulikuwa umelipa kiingilio kumwona, akapiga magoti, akaweka viganja chini, miguu ameiinua nyuma ili chuma kisiguse ubao, akaja hivyohivyo kwa magoti toka mlangoni hadi katikati ya sebule.

Mama alijiziba mdomo.

"Leo ni Jumamosi, Bwana Lacasse," Philias akasema, akihema. "Nimekuja."

Habari tulizipata kwake kwa vipande vipande. Mchezaji wa Baie-Claire alijigonga kwenye ukingo akazirai. Na sheria yao ndiyo hiyo: upande mmoja ukipungukiwa na mtu aliyeumia, upande wa pili nao humtoa wake mmoja ili wabaki sawasawa, na yule akiamka, wote wawili hurudi. Kapteni wetu aliuliza nani atoke. Philias alinyoosha mkono kabla swali halijaisha, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumwambia mtu anakwenda wapi.

Baba alimtazama muda mrefu, kichwani hadi kwenye yale magoti yaliyolowa.

"Jumatatu kumi na moja," akasema, "umekaa kwenye benchi langu."

Kumbe naye alikuwa amezihesabu.

"Sikujua, bwana. Nimelelewa na masista. Kule kwetu jioni zote zilikuwa za rozari."

Mama alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Baba hakucheka.

"Na hizo jioni za heri, ulikuwa kwa nani?"

"Kazini, bwana. Hapo ng'ambo ya barabara. Mji mzima uliniona isipokuwa nyumba hii."

Baba alitia tena kiko mdomoni, ingawa kilikuwa kimezimika. Bigras alikuwa bado amesimama, kifungo kimefungwa, na kiti kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kitupu. Mila yetu iko wazi. Anayekuja jioni ya heri akakuta kiti kitupu, kiti ni chake, hata kama humpendi. Baba hakuwahi kuvunja mila maishani mwake.

"Kaa," akasema.

Philias akajikokota kwa magoti, akapanda kwenye kiti, akakaa miguu ameinyoosha hewani ili chuma kisiguse sakafu. Alikuwa kichekesho kitupu. Na alikuwa ananitazama. Wiki zote zile nilikuwa nimemwona kwa upande, kutoka jikoni hadi benchini. Sasa alikuwa mbele yangu, magoti yake na yangu yakikaribiana, na sikuweza kuinua kitambaa kujificha. Nilitamani kuifuta ile damu kwenye nyusi yake. Nilitamani saa ya ukutani ivunjike. Sijawahi kutamani kitu duniani kama nilivyotamani jioni ile ibaki kama ilivyo, na yeye hapo, na hakuna anayesema neno.

Ndipo nikayasikia makofi.

Yalikuwa yale ya adabu, bila vifijo. Mtu wa Baie-Claire ameinuka.

Niliwatazama wote. Hakuna aliyesikia. Kuta zetu zilikuwa zimezibwa nyufa kwa sufi, na kwao wao sauti ile ilikuwa upepo tu. Philias mwenyewe hakusikia. Amezoea kuisikia akiwa ndani yake, hajui inavyofika nje. Ni mimi tu niliyejua kwamba sasa hivi wanamtafuta, kwamba kapteni anageuza shingo, kwamba refa akichoka kungoja wataanza na sita kwa saba. Na hakuna aliyejua yuko wapi. Nikinyamaza, ni wangu hadi saa nne.

Nilinyamaza. Nitasema ukweli, nilinyamaza kwa pumzi nne au tano, na zilikuwa tamu.

"Philias," nikasema. "Ameinuka."

"Nani?"

"Yule wa Baie-Claire. Wanampigia makofi. Rudi."

Alitega sikio, hakusikia kitu, lakini aliniamini. Uso wake ukabadilika. "Sijakaa hata dakika tano."

"Najua."

"Malvina, nikiinuka kwenye kiti hiki..." Alimtazama Bigras, Bigras akatazama dirishani.

"Wenzako sita," nikasema. "Inuka. Lakini nakuomba jambo moja. Umesikia? Nakuomba. Usinisahau treni itakapokuchukua."

Lilikuwa ombi la kwanza maishani mwangu, na nililitoa mbele ya baba, mama na mwoka mikate. Philias akamgeukia baba kutaka ruhusa, maana kiti kile huondoki kabla saa haijatiwa ufunguo.

"Kazi inakuita," baba akamwambia. "Nenda."

Akashuka kwa magoti, akatoka kama alivyoingia. Mlango ukafungwa, na chuma kikashuka ngazi mbiombio. Sakafuni ilibaki michirizi miwili ya maji, toka kwenye kiti hadi kizingitini, bila mkwaruzo hata mmoja. Baba aliinama akaitazama kwa jicho la fundi.

Bigras akakohoa. Maskini wa Mungu, bado alikuwa na neno lake.

Sikumwacha aanze. Nilikwenda jikoni, nikasogeza pipa la unga. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, Malvina, usithubutu. Nilirudi na koleo, nikampa Bigras kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu yake pia.

Alilipokea. Alilitazama kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua mzigo. Kisha akavaa kofia.

"Njia yenu imejaa theluji tangu asubuhi," akasema.

Akatoka nje akaisafisha njia yote, toka barazani hadi barabarani, tukimsikia anavyokwangua. Alipomaliza akaliegemeza koleo mlangoni, akachungulia ndani.

"Mkate nitaendelea kuuleta, Bibi Lacasse," akamwambia mama. "Jumatatu."

Mama akaanza kulia. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya nyumba nikingoja baba aniambie kwamba nimeipoteza kenda na kumi vyote viwili. Baba aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye saa ya ukutani. Nilidhani anatia ufunguo, jioni iishe. Alisoma tu saa, akaitoa kofia yake ya manyoya kwenye msumari.

"Rosalba," akamwambia mama, "nipe koti langu."

Mama akauliza anakwenda wapi saa hizi.

"Jioni ya heri haijaisha. Huyu hawezi kukaa, basi kiti kitamfuata alipo." Akanigeukia. "Sijasema ndiyo, Malvina. Nimesema vaa koti."

*

Tulipita kwenye njia aliyoifungua Bigras. Baba hakuwahi kutia mguu uwanjani pale, na alilipa kiingilio kwa uso wa mtu anayelipa faini. Ndani kelele sikuzijua tena. Nilizizoea zikija kwangu kupitia ukuta, moja moja, lakini humo zilikuwa zinaingia kwa nyayo na kupanda hadi kifuani, na sikuweza kutenganisha yetu na yao. Watu walitupisha. Waliona ni Onésime Lacasse, wakadhani kuna moto.

Nikamwona.

Alikuwa na kasi kuliko nilivyomfikiria. Nilikuwa nimemchora akilini mtu wa nguvu, wa kugongana, kwa sababu nilimjua kwa mipasuko. Kumbe alikuwa mwepesi, anapinda kati ya watu na kile kisahani cha mpira kimeganda kwenye gongo lake, na begani nikaiona mishono yangu, ya uzi mweusi juu ya nyekundu, kwa sababu siku ile nyekundu iliniishia. Nilishika ukingo wa mbao kwa mikono yote miwili. Majira mazima yalikuwa yamepita hatua sitini kutoka kwangu, nami nilikaa nikidarizi.

Bado tatu kwa tatu. Alikuwa anarudi kwenye upande wetu na mpira, peke yake, bila mtu wa kumbana, alipoinua macho akatuona. Mimi na baba yangu, bega kwa bega, na kofia ya manyoya.

Akasimama. Kabisa. Katikati ya barafu, mbele ya mji mzima, mdomo wazi.

Mtu wa Baie-Claire, tena yuleyule aliyezirai, akamnyang'anya mpira bila hata kumgusa, akaenda zake. Mguno mmoja. Hata nikiwa kaburini nitaujua mguno ule.

Pakawa kimya, na katika kimya kile sauti moja ikapaa juu ya vichwa vyote, sauti ya kinuni, iliyozoea kushindana na nyundo za mvuke.

"Mkwe!" baba akapiga ukelele. "Tazama mkono wako!"

Watu wote waligeuka. Mke wa Desrochers alikuwa ameshika kengele juu, hajui aitikise au aishushe. Philias alikuwa bado amesimama palepale, damu inamtiririka kwenye nyusi, anacheka na kulia kwa pamoja, na kapteni wake anamsukuma mgongoni ili arudi mchezoni.

Kombe lilikwenda Baie-Claire, manne kwa matatu. Jumatatu treni ilimchukua Philias kwenda kumalizia mechi za mwisho, Jumatano tukapakwa majivu, na kwa wiki saba kile kiti cha karibu na jiko baba hakumruhusu mtu yeyote kukikalia, hata paka.